Kuanza kupiga kinanda bila kukimbilia kitufe cha transpozi

Kwa miaka minne nilijiita mpiga kinanda. Misa ya kwanza nilikuwa napiga mimi, mazoezi ya kwaya ya Jumatano mimi, ubarikio mimi. Siku moja kwaya yetu ikaalikwa kuimba harusini, tukaambiwa tusihangaike kubeba chombo kwani ukumbini kipo. Kweli kilikuwepo: piano ya mbao, ile ya nyuzi, imepangwa pembeni kama kabati la bibi. Nikakaa, nikaitazama mbele, nikaitazama pembeni. Haina kitufe hata kimoja.

Wimbo wa kuwaingiza maharusi uliandikwa Do ni E flati, yaani do inaanzia kibonyezo cheusi kilicho kushoto tu mwa E. Mimi katika miaka yote minne nilikuwa napiga kila wimbo kwa C, halafu nakibonyeza kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha sauti zote juu au chini, mara tatu kwenda juu na mashine inafanya yaliyobaki. Siku ile tuliimba kwa C, nusu toni tatu chini ya ilivyoandikwa. Sauti ya nne, yaani besi, walifika kwenye kiitikio wakabaki kufungua midomo tu, chini kote kumekwisha. Mwalimu wa kwaya hakunisemesha njia nzima ya kurudi.

Haya yafuatayo ni mambo ambayo ningeyafanya kama ningeanza upya leo, kwa mpangilio ambao ningeufuata. Nimemfikiria mtu asiye na mwalimu karibu, mwenye nusu saa kwa siku, na ambaye masikio yake tayari yanajua do re mi hata kama vidole havijui.

Kwanza, chombo

Neno lenyewe kinanda limezunguka. Pwani, wazee walipotaja kinanda walikuwa na maana ya ala ya nyuzi, ndugu wa gambusi, na pia nyimbo zilizoimbwa kwa ala hiyo. Leo ukisema kinanda karibu kila mtu anaona kibodi ya umeme kwenye stendi ya X. Piano ni ndugu mkubwa: ndani yake kila kibonyezo kinarusha nyundo ndogo yenye manyoya yaliyoshindiliwa, nayo inagonga nyuzi. Aliyeibuni ni Mwitalia, Bartolomeo Cristofori wa Florence, karibu na mwaka 1700. Kinubi cha vibonyezo kilichotangulia, ambacho alikuwa akikitengeneza na kukitunza, kilikuwa kinadonoa nyuzi, kwa hiyo hata ukibonyeza kwa hasira au kwa upole sauti ilikuwa karibu ileile. Chombo chake kipya kiliweza kutoa sauti ndogo na kubwa kwa nguvu ya kidole, ndiyo maana kikaitwa pianoforte: piano ni kwa upole, forte ni kwa nguvu.

Nimeileta historia hii kwa sababu ndiyo inayokuambia ununue nini. Sharti la kwanza la kinanda cha kujifunzia ni kwamba vibonyezo vihisi mguso. Ukigusa taratibu kitoe sauti ndogo, ukigonga kitoe kubwa. Vile vya bei ya chini kabisa, vinavyouzwa karibu na midoli, haviwezi hilo. Ukijifunzia humo vidole vinazoea kupapasa na kuja kuvirekebisha ni kazi.

Sharti la pili ni idadi na ukubwa. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa kuanza, 61 vinatosha, alimradi viwe na upana wa kawaida. Vile vyembamba vya kitoto viache. Ukiwa na uwezo wa kununua piano ya umeme yenye 88 na vibonyezo vizito kama vya piano halisi, nunua, lakini usisubiri miaka mitatu ukiikusanyia hela. Yamaha na Casio ndizo utakazozikuta kwa wingi na mafundi wamezizoea, jambo ambalo utalishukuru siku tundu la adapta litakapolegea.

Vingi tunavyonunua vimeshatumika. Ukienda kukiangalia, usikubali muuzaji akupigie yeye. Washa, zima midundo yote, chagua sauti ya piano, kisha gusa kibonyezo kimoja kimoja kuanzia kushoto hadi kulia, taratibu sana. Kikitokea kimoja kinachoropoka kwa sauti kubwa wakati wenzake wamenong'ona, au kisicholia kabisa, ndani yake mna vumbi au unyevu kwenye mipira ya mguso. Kikiwa kimoja, fundi atasafisha. Vikiwa vinane, ondoka. Kisha tikisa waya wa adapta pale unapoingia: kisizimike. Soma volti zilizoandikwa nyuma ya kinanda na uzilinganishe na za adapta anayokupa, maana vinanda vingi vimekufa kwa kuchomekewa adapta ya redio. Mwisho tazama kama kina nafasi ya betri. Umeme hukatika saa ileile uliyojipangia.

Piano ya mbao ukipewa bure, fikiria mara mbili hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja. Hewa ya chumvi inazishikisha kutu nyuzi, unyevu unavimbisha mbao, na piano inahitaji fundi wa kuisawazisha sauti walau mara moja au mbili kwa mwaka. Mafundi hao ni wachache mno.

Kukaa na mikono

Hapa wengi wanapita mbio, na ndipo maumivu ya mgongo na viganja yanapoanzia. Uso wa vibonyezo vya piano huwa kwenye sentimita 72 hivi kutoka sakafuni. Meza ya kulia chakula yenyewe ina kama 75, ukiongeza unene wa kinanda unajikuta mabega yamepanda hadi masikioni. Kwa hiyo ama ushushe stendi, ama upandishe kiti kwa mto mgumu. Kipimo ni viwiko: viwe usawa wa vibonyezo au juu kidogo. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu yote chini.

Vidole vikunje kama umeshika chungwa, kucha fupi. Kidole gumba hakisimami kwenye ncha, kinalala na kugusa kwa ubavu. Kifundo cha mkono kisianguke chini ya ubao wala kisiinuke kama shingo ya korongo.

Vidole vina namba, na namba hizi ni za dunia nzima: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Mikono yote miwili hivyohivyo. Cha pete kitakusumbua, kwani kano zake zimeungana na za majirani zake. Usikilazimishe kwa nguvu, kipe muda.

Kuijua ramani

Acha vyeupe, tazama vyeusi. Vimepangwa makundi: viwili, vitatu, viwili, vitatu, hadi mwisho. Cheupe kilicho kushoto tu mwa kundi la viwili ni C. Kilicho kushoto mwa kundi la vitatu ni F. Ukiyajua hayo mawili, mengine unahesabu: C D E F G A B, kisha C tena.

Kwenye kinanda cha vibonyezo 61, C ya kati ni ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Kwenye piano ya 88 ni ya nne. Kaa tumbo lako likielekea hapo.

Toka kibonyezo kimoja hadi jirani yake wa karibu kabisa, awe mweusi au mweupe, ni nusu toni. Kuruka mmoja ni toni nzima. Kati ya E na F hakuna cheusi, na kati ya B na C hakuna. Hizo ndizo mi-fa na ti-do unazoziimba tangu utotoni pasipo kujua kwamba ni nyembamba kuliko nyingine. Mpangilio wa skeli (ngazi ya sauti) ya do ni huu, na uukariri kama jina lako: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu.

Zoezi la siku tatu za kwanza: funga macho, papasa vyeusi, tafuta kila F iliyopo. Kisha kila C. Kisha D, inayokaa katikati ya viwili. Usipige wimbo wowote. Najua inachosha.

Mkono mmoja mmoja

Kulia: gumba kwenye C ya kati, vidole vingine kila kimoja kwenye cheupe chake hadi cha tano kwenye G. Piga do re mi fa so fa mi re do, vidole 1 2 3 4 5 4 3 2 1, huku ukiimba. Kuimba si pambo. Sikio ndilo litakalokamata kosa kabla jicho halijaliona. Tumia metronomu, yaani kihesabu mapigo, iliyomo ndani ya kinanda chako au programu ya simu, kwa mapigo 60 kwa dakika, nota moja kila pigo.

Kushoto: kidole cha 5 kwenye C iliyo oktava moja chini (C inayofuata upande wa kushoto), gumba kwenye G. Do re mi fa so ni 5 4 3 2 1. Huu mkono utakuwa mzito na mjinga, hiyo ni kawaida. Upe dakika nyingi kuliko wa kulia, si sawa kwa sawa. Vijana wengi wa vinanda ninaowafahamu wana mkono wa kulia wa mhandisi na wa kushoto wa mtu anayetwanga kisamvu.

Wiki ya pili ingia skeli nzima ya C. Kulia: 1 2 3, kisha gumba linapita chini ya kiganja kwenda F, halafu 1 2 3 4 5. Siri ni gumba lianze kusogea mapema, pale kidole cha 2 kinapobonyeza, lisingoje hadi dakika ya mwisho na kurusha kiwiko. Kushoto kupanda: 5 4 3 2 1, kisha cha 3 kinavuka juu ya gumba, 3 2 1. Kushuka, rudi njia ileile.

Kuunganisha mikono

Hapa ndipo watu wanaposema "mimi sina kipaji" na kufunika kinanda kitambaa. Kuna njia. Chukua kipande hiki kidogo nilichokitunga kwa ajili ya wanaoanza, kwa kulia, Do ni C (d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, na kistari ni kushikilia nota iliyotangulia):

| d : r : m : m | f : m : r : – | r : m : f : f | m : r : d : – |

Kushoto piga nota moja tu kila mwanzo wa kizigo (kipande kilicho kati ya mistari miwili ya wima) na uishikilie mapigo manne: C, kisha G, kisha F, kisha C. Kwa vidole ni 5, 1, 2, 5. Mkono hausogei.

Usianze na vyote. Kulia peke yake hadi usiutazame. Kushoto peke yake huku ukiimba sauti ya kulia. Kisha mikono miwili, kizigo cha kwanza tu pamoja na nota ya kwanza ya kizigo cha pili, polepole hata ikichekesha. Weka punje tano za mahindi upande wa kushoto wa kinanda. Ukipiga sawasawa, hamisha punje moja kwenda kulia. Ukikosea, zote zinarudi. Punje tano zikihama mfululizo, nenda kizigo kinachofuata. Nilimwona mtoto wa miaka tisa akifanya hivi nikacheka. Mwezi uliofuata alikuwa ananipita.

Kosa baya kuliko yote ni kuanza wimbo mwanzo kila unapokosea. Utakuwa bingwa wa vizigo vinne vya kwanza maisha yako yote. Rekebisha palepale palipoharibika, kisha ruka nyuma kizigo kimoja tu ili ujifunze kuingia.

Kodi tatu

Nazungumzia kodi za muziki, za mamlaka ya mapato tafuta kwingine. Kodi ni nota tatu au zaidi kwa pamoja. Kwa Do ni C, kodi ya do ni C E G, ya fa ni F A C, ya so ni G B D. Hizi tatu zinabeba nyimbo nyingi za kwaya na za watoto bila msaada wa mtu.

Mgeni hupiga zote tatu kwa umbo moja, akiurusha mkono kama anayefukuza nzi. Badala yake zipindue zikae karibu. Kwa kushoto: do ni C E G kwa vidole 5 3 1. Fa ipige C F A kwa 5 2 1, C haijaondoka mahali pake. So ipige B D G kwa 5 3 1, G ikibaki kwenye gumba. Badilisha do-fa-do-so-do mara ishirini kwa siku, ukitazama dirishani. Kisha rudi kwenye kile kipande chetu cha vizigo vinne na uweke kodi mahali pa zile nota moja moja.

Baadaye ongeza kodi ya la, A C E, yenye huzuni kidogo. Ukiwa na nne hizo utaanza kukisia wimbo uusikiao redioni, na kukisia kwako mara nyingi kutakuwa sahihi.

Kutoka kwenye C

Sasa lile lililonifedhehesha. Wanakwaya tunayo bahati ambayo hatuitumii. Karatasi zetu nyingi zimeandikwa kwa tonic sol-fa, mfumo aliouanzisha Sarah Glover wa Uingereza na kuenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakauleta huku. Uzuri wake ni kwamba do inahama. Juu ya karatasi pameandikwa Do ni G, na wewe unaimba do re mi yako ileile ukianzia hapo. Sikio letu limeshajifunza kuhama. Ni vidole tu vimegoma, na kitufe cha transpozi kinavisaidia kugoma.

Zima kitufe hicho. Hakikisha kioo kinaonyesha 0. Kisha uhame ufunguo (yaani mahali do inapoanzia) mmoja kila wiki mbili, kwa mpangilio huu: G, F, D, B flati, E flati. Flati ni nusu toni chini ya herufi yake, shapu ni nusu toni juu.

Do ni G: G A B C D E F shapu G. Ile kanuni ya nzima na nusu ndiyo inayokulazimisha kuchukua cheusi pale kwenye ti. Vidole ni vilevile vya C. Kodi tatu zinakuwa G, C na D.

Do ni F: cheusi ni B flati, kinakaa kwenye fa. Angalia, mkono wa kulia hapa unabadilika: 1 2 3 4, kisha gumba kwenye C, 1 2 3 4, kwa sababu gumba halipendi kupanda juu ya cheusi. Kodi ni F, B flati na C.

Do ni D ina vyeusi viwili, F shapu na C shapu. Kodi ni D, G na A.

Katika kila ufunguo fanya mambo matatu tu: skeli, kodi tatu, na kile kipande kidogo cha vizigo vinne. Kipande hichohicho kimoja kikipigwa kwa funguo sita kinafundisha kuliko vipande sita kwa C. Ukifika E flati (E flati, F, G, A flati, B flati, C, D) utashangaa kwamba vyeusi havitishi tena. Kwa kweli vinaipa mikono mahali pa kushikia.

Sisemi transpozi ni dhambi. Mwimbaji akiamka na mafua dakika tano kabla ya ibada, bonyeza umwokoe. Ila ukimaliza rudisha 0, la sivyo wimbo unaofuata utaanza angani na sauti ya kwanza watakutazama kwa macho ambayo hutayasahau.

Midundo ya kinanda nayo iache hadi mwezi wa tatu. Inafunika makosa ya wakati, na wewe unataka kuyasikia.

Nusu saa ya kila siku

Dakika tano skeli ya ufunguo wa wiki hiyo. Kumi kodi na mkono wa kushoto. Kumi kipande kipya, kwa punje za mahindi. Tano za mwisho piga chochote unachokipenda, hata vibaya. Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi, maana vidole hujifunza unapolala. Majirani wakilalamika vaa hedifoni. Siku ya safari, pigapiga skeli kwenye paja ndani ya basi.

Jirekodi kwa simu kila Jumapili jioni. Utakachosikia hakitafanana na ulichodhani unapiga.

Nota za mistari mitano zianze mwezi wa pili, dakika chache tu kwa siku. Si za lazima kwa kupiga kwaya, lakini bila hizo utafungiwa mlango wa muziki mwingi, na mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ya daraja la 1 hadi la 8 inazitaka. Ukipata mwalimu hata mara mbili kwa mwezi, mpate. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music iliyoanzishwa 1944, Unguja kuna Dhow Countries Music Academy ya mwaka 2002, na Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Kama uko mbali na hizo, tafuta mpiga kinanda mwenye mkono wa kushoto mzuri parokiani au usharikani, umwombe kitu kimoja tu: akutazame mikono.

Mwezi wa tatu

Chukua karatasi ya wimbo wa sauti nne ambao kwaya yenu inaujua vizuri, na wenye Do uliyokwisha kuizoea. Mkono wa kulia upige sauti ya kwanza. Wa kushoto upige sauti ya nne, jinsi ilivyoandikwa. Nota mbili tu kwa wakati mmoja, bila kodi, bila mdundo, kwa mwendo wa polepole kuliko wa kuimba. Ukiweza ubeti mzima bila kusimama, nenda mazoezini Jumatano, umwombe mwalimu akuruhusu uwapigie sauti ya nne wanapojifunza sehemu yao. Wao wanahitaji kurudiarudia mara kumi, na wewe pia. Sauti ya pili na ya tatu zitaingia baadaye, kidole kimoja kimoja.